Kushoto Nne, Usikate

Mwelekezi wa gari la mbio haoni barabara. Watu hawaniamini nikiwaambia. Wanafikiri nimekaa pale kando ya dereva nimekodoa macho mbele, nikimwonya kwamba kona inakuja, apunguze. La. Kichwa changu kimeinama. Daftari liko mapajani, penseli imefungwa kwa uzi kwenye mkanda, na jicho langu liko kwenye mstari ambao gari bado halijaufikia. Barabara yenyewe naisoma kwa makalio. Gari likitumbukiza pua, najua breki imeshikwa. Tumbo likipanda kifuani, najua tumevuka kile kilima nilichokitaja punde. Bega likisukumwa kulia, kona ya kushoto imeanza. Mwili unaniambia tulipo, daftari linaniambia tuendako, na mdomo unapaswa kukaa katikati: ukisema mapema mno dereva anasahau, ukichelewa mnaingia mtaroni pamoja.

Nimezaliwa Muhoroni, baba akiwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari, na harufu ya molasi ndiyo harufu ya kwetu. Uelekezi nilijifunzia Kisumu kwa Kalasinga mmoja mwenye gereji, mtu anayeongea Dholuo vizuri kuliko baadhi ya wanangu, aliyenichukua kwanza nimsaidie kufunga magurudumu, halafu siku mwelekezi wake alipougua akanitupia helmeti akasema, "Omera, wewe si unajua kusoma?" Omera ni ndugu kwa Dholuo. Ndivyo nilivyoingia.

Tangu hapo swali ninaloulizwa zaidi ni: unahisi vipi mle ndani? Muulizaji huwa ameshachagua jibu. Anataka nimwambie kwamba naogopa kupita kiasi, au kwamba siogopi hata chembe. Nikimwambia kwamba siku mambo yakienda vizuri sana huwa sihisi kitu, wala sipo, ananitazama kama mtu anayefichwa siri.

Hiyo hali ya kutokuwepo ndiyo ninayotaka kuieleza. Nimeishi nayo, nimeisomea, na naona wengi wanaitafuta mahali isipokaa.

Mtu asiyeujua ukanda wa miwa hawezi kuelewa kwa nini kwetu ni pagumu kwa gari la mbio. Ukitoka Awasi kwenda Chemelil hadi Muhoroni, kisha ukiendelea Koru, barabara za ndani ya mashamba zilipimwa kwa ajili ya matrekta, si kwa ajili ya starehe ya mtu. Shamba limekatwa vipande vya mraba. Kwa hiyo unapata mnyoofu mrefu, halafu kona ya pembe kamili, halafu mnyoofu tena. Miwa iliyokomaa inamzidi mtu kimo na kulizidi gari mara mbili, imesimama pande zote mbili, na dereva haoni kona inatokea wapi wala inaishia wapi. Chini kuna udongo mweusi wa tambarare. Ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mguu. Ukilowa, gurudumu linazunguka palepale. Ongeza miwa iliyodondoka kwenye matrela, inayoviringika chini ya tairi. Ongeza na mvua ya alasiri: hewa ya ziwa hupanda ikagonga milima ya Nandi na Tinderet, na kabla ya saa kumi radi zimeshaanza. Dereva anaweza kuanza mkondo, yaani kipande cha njia kinachopimwa muda, kwenye vumbi akaumaliza kwenye tope.

Mahali kama hapo dereva hawezi kuendesha kwa macho pekee. Anaendesha kwa sauti ninayompa.

Ndiyo maana tunakagua njia kabla ya mashindano. Siku ya kukagua hakuna mbio. Mwendo unadhibitiwa na wasimamizi, na mnapita na gari la kawaida. Dereva anatazama barabara na kutamka, mimi naandika. Kona tunazipa namba: moja ni ile ya kukunja usukani mpaka mikono ipishane, sita ni ile isiyokuhitaji hata uguse breki. Halafu maneno machache: inafunga, inafunguka, kilima, mtaro, usikate. "Usikate" maana yake usipite juu ya ukingo wa ndani wa kona, kwa sababu kwenye nyasi zile kuna kisiki, au jiwe, au kalvati lililovunjika ambalo halionekani. Sisi tulikuwa tukitumia Kiswahili, isipokuwa kwa namba mojawapo. Tatu na tano, injini ikinguruma na kokoto zikipiga chini ya sakafu, zinasikika zimefanana, na tofauti yake ni hospitali. Tano tukaifanya "faivu", tukalala salama.

Usiku mnarudia. Mimi nakopi daftari upya kwa mwandiko mkubwa, mistari michache kila ukurasa, ili nisilazimike kutafuta. Huku nikisoma kwa sauti, dereva amefumba macho, mikono inashika usukani wa hewa. Mke wake aliwahi kutukuta hivyo jikoni, akafunga mlango polepole akaenda zake.

Sasa siku yenyewe. Mbio za kitaifa zilikuwa zimeletwa ukanda wetu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nikisoma barabara ambazo nimezikimbilia nikiwa mtoto kuiba miwa. Pale kwenye mstari wa kuanzia nilikuwa na kila kitu kichwani isipokuwa kazi: ada ya kushiriki tuliyokopa, tairi moja la akiba ambalo sikulipenda, shangazi zangu waliosimama juu ya tuta wakipunga leso. Mwamuzi akanirudishia kadi ya muda. Sekunde thelathini. Kumi na tano. Dereva akavuta mkanda mara ya mwisho. Tano, nne, tatu, mbili, moja.

Kurasa za kwanza nilizisoma kama mtu anayesoma. Nilijisikia nikitamka. Nilijisikia nikiwaza kama nimetamka mapema. Kisha, sijui ni ukurasa wa nne au wa tano, yule msikilizaji wa ndani akaondoka. Kelele haikuisha, kokoto ziliendelea kupiga. Lakini hapakuwa tena na mimi ninayesoma na yeye anayeendesha. Neno lilikuwa linatoka mkono wake ulipolihitaji. Sikuwa nikiamua. "Mia mbili, kulia tatu, usikate, hadi kushoto nne inafunga," na kabla "inafunga" haijakamilika bega langu limeshasukumwa. Mvua ilianza mahali fulani katikati. Niliijua kwa sababu wiper ziliingia pembeni mwa jicho, na sauti yangu ikashuka mwendo yenyewe kwa kuwa gari lilishuka mwendo. Tukapita bango la kumalizia, tukasimama, nikatoa mkono dirishani na kadi. Ndipo mashaka yote yakarudi kwa mpigo, yakakaa palepale yalipokuwa.

Dereva akafungua helmeti. Hakusema "tumeruka" wala "tumewamaliza". Alisema, "Omera, ukurasa wa saba. Ile kushoto nne iandike tatu. Kuna jiwe ndani, limetoka ardhini na mvua." Mkondo huo tulikuwa tunaurudia mchana. Niliandika tatu.

Kumbuka hilo jiwe, nitahitaji kulirudia.

Mtu aliyeifanya hali hii kuwa somo alikuwa Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia mwenye asili ya Hungaria aliyefundisha Marekani mpaka uzeeni. Alizaliwa 1934, akafariki 2021. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa: kwa nini mtu ajichoshe kwa kitu kisichomlipa? Akawahoji wapanda majabali, wachezaji wa chesi, wacheza dansi, madaktari wa upasuaji, watunzi wa muziki. Kitabu chake cha kwanza kuhusu jambo hilo kilitoka 1975, na kingine kilichojulikana zaidi mwaka 1990. Watu wale wa kazi tofauti walieleza kitu kimoja: umakini unajaa mpaka hakuna nafasi ya kujiwazia, mwendo na wazo vinakuwa kitu kimoja, saa inapoteza maana, na kazi yenyewe inakuwa ndiyo malipo. Wengi walisema ni kama kuchukuliwa na maji, naye akaiita hali hiyo mtiririko.

Alichoongeza, na ambacho kwangu ndicho kitamu, ni masharti yake. Lazima ujue dakika hii hii unatakiwa ufanye nini. Lazima upate jibu papo hapo kama umefanya sawa au vibaya. Na ugumu wa kazi lazima ulingane na ujuzi wako, ikiwezekana uuzidi kidogo tu. Kazi ikiwa rahisi, akili inatoroka. Ikikushinda, woga unakaba koo. Gari la mbio linatimiza masharti hayo bila kuombwa. Lengo ni kona inayofuata. Jibu linakuja kwa makalio ndani ya nusu sekunde. Kuhusu ugumu, hapo ndipo daftari linapofanya kazi yake: linaishusha barabara isiyojulikana mpaka ikalingana na uwezo wetu. Gari lilelile kwenye lami ya kawaida, tukihamia mkondo mwingine kwa mwendo wa sheria, dereva wangu huyo huyo alikuwa anaghafilika, anasinzia, anabishana nami kuhusu wapi Ahero kuna samaki mzuri. Macho yalikuwa yaleyale na mikono ileile. Kilichokosekana ni kitu cha kumjaza.

Na hatari? Hapa ndipo nakosana na watu. Wanasema hatari ndiyo inayoleta ile hali, kwamba mtu anakunywa hofu akalewa. Nimekaa na marubani wa parachuti za mabawa wanaorukia kwenye ukuta wa Elgeyo kuangalia Bonde la Kerio, nimekaa na waendesha pikipiki za mchangani, nimekaa na madereva wa kila rika, na walio wazuri hawaongei hivyo. Mwaka 2013 watafiti Eric Brymer na Robert Schweitzer walichapisha mahojiano na watu wa michezo ambayo kosa moja linaua, na waliyoyakuta yanafanana na niliyoyasikia kwenye gereji: woga wanao, tena wanauheshimu, wanausikiliza unasema nini. Anayesema haogopi wanamkwepa. Dereva wangu alikuwa na tabia, akiogopa kona wakati wa kukagua, ya kusimamisha gari, kushuka na kuitembea kwa miguu mpaka woga ueleweke ni wa nini. Ukishajulikana unageuka neno moja kwenye daftari. Siku ya mbio unasomwa na mimi, kwa sauti tulivu, mahali pake. Hatari inachofanya ni kufunga milango mingine yote ya akili. Ndani ya chumba kilichobaki, kinachokaa ni ulichokiandaa. Kama hukuandaa kitu, utajikuta umefungiwa na hofu tupu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote si wa huku. Mwaka 1955 Mwingereza Stirling Moss alishinda Mille Miglia, mbio za Italia za takriban kilomita 1,600 kwenye barabara za kawaida, kwa saa 10 na dakika 7, wastani wa kilomita 157 kwa saa. Kando yake alikaa mwandishi wa habari, mtu mfupi mwenye ndevu, Denis Jenkinson. Walikuwa wameikagua njia na kuiandika kwenye karatasi ndefu ya zaidi ya mita tano iliyozungushwa ndani ya kisanduku cha alumini, Jenkinson akiisogeza kwa mkono. Walijaribu kwanza kuongea kwa vyombo vya sauti. Vyombo vilifanya kazi. Aliyegoma ni Moss: alipoizamia kona kwa nguvu zake zote, masikio yake yalikuwa hayapokei tena maneno. Wakaacha sauti, wakabuni ishara za mkono, na hizo akawa anaziona. Miaka ishirini kabla ya kile kitabu cha 1975, mwelekezi mmoja alikuwa amegundua kwa vitendo kwamba mtu aliyezama anafunga mlango wa sikio, na badala ya kumpigia kelele akatafuta mlango uliobaki wazi. Sisi wa siku hizi tuna maikrofoni ndani ya helmeti, lakini somo ni lilelile. Mimi nilijua dereva wangu akizama anasikia neno la kwanza na la mwisho. La katikati linapotea. Kwa hiyo "usikate" sikuiweka katikati kamwe.

Nyumbani tulikuwa na Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, juu kule kwenye milima tunayoiona tukisimama Muhoroni. Alishinda Safari Rally mwaka 1965 na Volvo iliyokwisha kutumika, ndugu yake Jaswant akimwelekeza, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Wazee waliomwona husimulia ushindi. Mimi hesabu inayonishangaza ni nyingine: alianza Safari 22, akamaliza 19. Safari ya zamani ilikuwa ya siku kadhaa za Pasaka, karibu kilomita 5,000, barabara zikiwa wazi kwa lori, ng'ombe na basi la kwenda matangani. Kumaliza tu kulikuwa heshima. Hakuna binadamu anayeweza kuzama siku nne mfululizo, mwili haukubali. Kwa hiyo naamini alichokuwa nacho yule mzee ni kitu kingine, na wataalamu nao wamekitenga. Mwaka 2017 Christian Swann na wenzake walieleza kwamba wanamichezo wanapofanya vizuri kupita kawaida huwa katika hali mbili tofauti. Kuna ile ya kuacha mambo yatokee, ambayo ndiyo mtiririko. Na kuna ile ya kuyalazimisha yatokee: unajua kabisa kwamba mambo ni magumu, unauma meno, unajisukuma kwa makusudi. Ya kwanza ni nyepesi ukiwa ndani yake. Ya pili inauma kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikwisha kuonyesha ya pili inafananaje. Mwaka 1973, kwenye Safari, baada ya umbali wote huo, yeye na Msweden Harry Källström walifika na adhabu sawasawa, na Mehta akapewa ushindi kwa kanuni ya kutenganisha waliolingana. Baadaye akashinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, Mike Doughty akimwelekeza. Mtu aliyesubiri mtiririko umchukue asingefika huko. Patrick Njiru naye aliposhika nafasi ya nne kwenye Safari mwaka 1994, nafikiri ilikuwa vivyo hivyo, sehemu ndogo utamu, sehemu kubwa kuuma meno. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yakiwa Naivasha, ilirudi ikiwa fupi, yenye mikondo iliyofungwa, na kwa maoni yangu ni rafiki zaidi kwa ile hali ya kwanza. Wazee wa gereji hawapendi nikisema hivyo.

Kuhusu saa, nilikuwa nasimulia kwamba muda unapungua kasi, unaona jiwe likija polepole. Kisha nikasoma jaribio la David Eagleman na wenzake, Marekani, lililochapishwa 2007, ambamo watu walidondoshwa kinyumenyume kutoka mita 31 juu, wakaangukia kwenye wavu, mkononi wamevaa kifaa kinachomulika tarakimu haraka kuliko jicho linavyoweza kusoma. Kama kweli muda ungepungua kasi kwao, wangezisoma. Hawakuzisoma. Lakini walipoulizwa baadaye, waliona kwamba wameanguka kwa muda mrefu kwa zaidi ya theluthi moja kuliko walivyowakadiria wenzao. Maelezo yao ni kwamba kumbukumbu inaandikwa nzito wakati wa hofu, na kurefuka kunatokea ukikumbuka. Huo ni woga wa kuanguka, lakini. Kwenye mtiririko mimi huona kinyume: mkondo wa kilomita ishirini unaisha kabla sijajua umeanza. Arne Dietrich, mtafiti wa ubongo, alipendekeza mwaka 2004 kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kujipima na kupanga, hupumzishwa kwa muda ili ujuzi uliozoeleka ufanye kazi bila kuingiliwa. Bado ni nadharia. Ila nikikumbuka yule msikilizaji wa ndani aliyeondoka ukurasa wa nne, naona kama anamzungumzia yeye.

Hali hii ina usaliti wake. Ayrton Senna, dereva wa Formula One, kwenye kufuzu Monaco mwaka 1988, alikuwa na gari la aina moja na mwenzake Alain Prost, akamzidi kwa karibu sekunde moja na nusu, umbali usioaminika katika mchezo ule. Baadaye alieleza kwamba alijikuta haendeshi tena kwa kujua, yuko kama ndani ya handaki, na alipozinduka aliogopa akarudi polepole. Kesho yake kwenye mbio zenyewe alikuwa mbele sana. Timu ikamtuliza, apunguze. Alipopunguza, umakini ukakatika, akagonga ukuta zikiwa zimebaki raundi chache. Hatari kubwa haikumkuta alipokuwa amezama. Ilimkuta mlangoni, akitoka. Waelekezi tunaijua hiyo. Kona zinazotumeza ni zile za kilomita ya mwisho, dereva ameshaanza kuwaza chai. Pale mimi hupandisha sauti kidogo, hata kama kona ni sita.

Sasa mpwa wangu. Ana pikipiki, anabeba abiria kati ya Muhoroni na Chemelil, na jioni yeye na wenzake wanashindana kwenye lami. Nilimkalisha. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, akiniita mjomba kwa Dholuo, "Nera, si ndicho hicho unachotuambia? Nikifika mia na ishirini naacha kufikiri kabisa. Kichwa kinakuwa cheupe."

Nikamwuliza jana alipita wapi. Akasema pale kona ya reli. Nikamwuliza ukingoni kuna nini. Hakujua. Nikamwuliza kama lami ina kokoto upande wa ndani. Hakujua. Trekta lililoegeshwa lilikuwa na taa? Trekta gani?

Ndipo nikamwambia kuhusu lile jiwe la ukurasa wa saba. Dereva wangu alipita pale mvua ikinyesha, kwa mwendo ambao mpwa hajawahi kuufikia, hajiwazi hata kidogo, na bado aliona jiwe lililochomoza juma lile, akajua limebadilisha nne kuwa tatu, akalibeba mpaka mwisho akanipa. Mtu aliyezama haoni vichache. Yasiyohusika yote yameondolewa, na yanayohusika anayaona yote. Kichwa cha mpwa kilikuwa cheupe kwa sababu kasi ilimzidi. Hakukuwa na ujuzi wa kukijaza. Ni uwezo na ugumu vilivyoachana, basi, na kwa mizani ya yule Mhungaria hapo ni upande wa woga, hata kama damu changa inauita raha. Tena barabara ya umma haina mtu wa kukusomea. Mwenye trekta hajui kwamba uko kwenye mkondo.

Hakukubali papo hapo. Vijana hawakubali papo hapo mbele ya mjomba. Lakini alinifuata wiki iliyofuata akitaka kuona daftari. Nikampa la zamani, nikampeleka kwenye barabara za ndani ya shamba, mimi nikiendesha polepole, yeye akiandika. Alichoka kabla hatujafika nusu. Alidhani kona ni kona. Hakujua kwamba lazima uamue inafunga au inafunguka, na kwamba ukiamua vibaya kuna mtu atakuamini. Tukarudia. Tukarudia tena asubuhi, kabla matrekta hayajatoka, safari hii yeye akinisomea nami nikifuata sauti yake tu, bila haraka. Mara ya kwanza alikuwa nyuma ya gari kwa kona nzima. Nilisimama katikati ya miwa nikamngoja afike.

Sasa anamwelekeza kijana mwenzake katika mashindano madogo ya viwanjani. Juzi alinipigia simu kutoka kituo cha ukarabati, nikasikia magari nyuma yake. Nikamwuliza kama ameipata ile hali. Akasema, "Bado, Nera. Kusoma nimeinamisha kichwa gari likiyumba, nimetapika tu." Nikamwambia Jenkinson naye alitapika mwaka 1955, alitoa kichwa nje ya gari, upepo ukamng'oa miwani ikaenda zake, akavaa ya akiba akaendelea kusoma. Akanyamaza kidogo. Akaniuliza miwani ya akiba inauzwa wapi Kisumu.